Beseni Moja, Mikono Minne

Mlango wa mbele wa saluni ulikuwa umefungwa mchana kweupe, na kikaratasi kimebandikwa juu yake: narudi sasa hivi. Mama Pacha, aliyekuwa amemletea mumewe chakula, akazunguka nyuma. Pazia la chumba cha ndani lilikuwa limekunjwa nusu. Akaona beseni juu ya stuli, mvuke ukipanda taratibu, na ndani ya maji mikono minne. Miwili ilikuwa ya mumewe. Miwili ilikuwa ya mwanamke asiyemjua.

Vidole vya mumewe vilikuwa vimevimba kama kawaida yake, vimenona kuanzia shina mpaka ncha. Vya yule mwanamke vilikuwa vivyo hivyo. Walikuwa wakivikunja na kuvikunjua pamoja ndani ya maji, polepole, kama watoto wanaofundishwa kuhesabu. Mwanamke akasema neno ambalo Mama Pacha hakulisikia, na mumewe, Kinyozi, akacheka. Hakikuwa kile kicheko chake cha kuwafurahisha wateja. Alicheka mpaka mabega yakatikisika na maji yakamwagika sakafuni.

Mama Pacha akageuka. Alifika kwake, kwenye kibanda chake cha udobi, bado ameshika chakula cha mumewe mkononi.

Angekuwa mrembo yule mwanamke, angejua la kufanya. Angeingia, angemvua kilemba, mtaa mzima ungejaa. Lakini alikuwa mama wa makamo, mfupi, mnene, ngozi ya viwiko imechubuka na kuota magamba meupe. Hilo ndilo lililomchanganya. Mumewe alikuwa na magamba hayo hayo kwenye viwiko, magoti na nyuma ya masikio, naye mkewe hakuwa ameyaona vizuri kwa miaka. Mume alioga amefunga mlango kwa komeo. Alivaa mikono mirefu hata wakati wa joto. Akimwambia, "Lete nikupake mafuta mgongoni," alijibiwa, "Acha, nitajipaka." Kule hospitali daktari alikuwa amewaeleza wote wawili kwamba ni ugonjwa wa ngozi ulioingia kwenye viungo, hauambukizi, haumalizwi lakini unatulizwa. Akaandika vidonge. Kinyozi alivimeza, akanyamaza. Na Mama Pacha alikuwa amejizoesha kuamini kwamba mumewe ni mtu wa kunyamaza tu, ndivyo alivyoumbwa.

Kumbe anacheka.

Jioni aliwasubiri watoto waingie chumbani kwao na madaftari, akakaa mbele ya mumewe.

"Leo ulifunga saluni mchana."

"Kidogo tu. Vidole vilikuwa vimekaza."

"Vilikaza vyako peke yako, au na vya mtu mwingine?"

Kinyozi akaweka kijiko chini. "Kwani ulikuja?"

"Nilikuja. Nikakuta mmejaa, nikaondoka."

"Mama Pacha, yule ni Bi Mwiko. Mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni. Alimleta mjukuu wake kunyolewa, akaona ninavyoshika mashine, akaniambia, wewe na mimi tumeumwa na nyuki mmoja. Anao ugonjwa kama wangu, tena yeye mkongwe, anao tangu usichana. Ananionyesha anavyoishi nao."

"Na maji ya moto hapa nyumbani yameisha?"

"Si ya moto. Ya vuguvugu. Ya moto yanakausha ngozi."

"Ahaa. Kumbe na somo lipo."

"Usilichukulie hivyo."

"Nilichukulieje? Miaka yote hii nakuomba mkono nikukande, unaufutika mfukoni. Leo nakuta umeuloweka na wa mwanamke mwingine, mnacheka!"

Kinyozi alimtazama kwa uchovu, si kwa hasira. "Mke wangu, wewe huyajui maumivu haya."

"Mimi niliyezaa watoto wawili kwa mpigo siyajui maumivu?"

"Haya huyajui."

Alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesema kesho kuna mawingu. Kisha akaendelea kula. Mama Pacha akabaki amekaa. Kwa nusu ya maisha yake alikuwa amefua mashati ya mtu huyu, akiyakung'uta yale magamba kabla ya kuyatia majini ili watoto wasiulize, na sasa ilionekana kwamba alikuwa mlangoni tu muda wote huo, na mwingine amekaribishwa ndani.

Kuanzia hapo akaamua kushindana.

Alinunua tangawizi na manjano sokoni, akachemsha mpaka nyumba ikanuka kama duka la dawa. Alimwekea mumewe kikombe asubuhi, kikombe jioni. Mfanyabiashara mmoja alimuuzia majani ya kijani yaliyotwangwa, akamwambia ni ya kupaka, mgonjwa ataruka kama mbuzi. Mama Pacha akaongezea limau kwa akili yake mwenyewe, akamvizia mumewe akiwa amelala kifudifudi, akampaka mgongo mzima.

Kweli aliruka kama mbuzi.

"Unaniunguza! Maji! Leta maji!"

"Vumilia, ndiyo dawa inaingia!"

"Inaingia wapi? Ngozi imepasuka hii!" Alikimbilia bafuni, akafunga komeo. Alipotoka mgongo ulikuwa mwekundu, na akiwa bado anahema akasema jambo ambalo hakupaswa kulisema. "Bi Mwiko alinionya. Alisema limau lisiguse mahali palipochanika."

Kila kitu sasa kilikuwa Bi Mwiko amesema. Bi Mwiko amesema mafuta ya nazi yapakwe mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Bi Mwiko amesema samaki ni bora kuliko nyama ya mafuta, na sukari ipungue. Bi Mwiko amesema tangawizi ni nzuri, lakini isiwe kali ya kumpasua mtu tumbo. Bi Mwiko amesema vidonge vya hospitali visiachwe hata siku moja, haya mengine ni ya kusaidia tu. Mtu akikaa muda mrefu viungo vinaganda, kwa hiyo saluni ikifungwa wanatembea, yeye na Bi Mwiko, kutoka kiwandani mpaka kwenye uwanja wa mpira na kurudi, visigino vikiuma wanapumzika, visipouma wanaongeza.

Na lililokuwa baya kuliko yote: Kinyozi aliacha sigara.

Mama Pacha aliligundua alipokuwa akifua. Mfuko wa shati, uliokuwa ukinuka tumbaku tangu siku za uchumba, ulikuwa haunuki kitu. Alimsubiri dada wa mumewe, aliyepita kuchukua mashuka yake, akampa shati lile.

"Wifi, hebu nusa."

Wifi akanusa. "Sabuni."

"Basi hiyo ndiyo habari yenyewe. Kaka yako kaacha sigara."

"Mungu mkubwa! Si ulikuwa ukimlilia aache?"

"Nilimlilia nikiwa na mimba, akasema ataacha wakizaliwa. Wakazaliwa, akasema wakianza kutembea. Sasa wanakaribia kunishinda urefu. Huyo mpishi kamwambia sigara inachochea ugonjwa, na kwa wiki chache tu kaacha."

Wifi alikunja shuka lake polepole, akilipa kazi kubwa kuliko ilivyohitaji. Alikuwa mwanamke asiyeweza kuacha maneno yakae bila kuyakoroga. "Wifi yangu, mimi ni damu yake, sitaki kumsema. Lakini mwanamume haachi sigara bure."

Alipoondoka, Mama Pacha alilipiga pasi lile shati mpaka kola ikaanza kubadilika rangi.

Kibanda chake kilikuwa na wateja wa aina mbili. Walikuwepo majirani, na walikuwepo wakubwa: nyumba moja ya wageni, na kantini ya kiwanda cha sabuni, iliyomletea aproni na vitambaa vya meza kila mwisho wa wiki. Kantini ndiyo iliyolipa karo. Msimamizi wake alikuwa kijana mwenye haraka, mwenye kupenda kuitwa bosi, na aliyekuwa na hofu ya kudumu kwamba siku moja mtu ataharisha na lawama itamwangukia yeye.

Siku hiyo alibwaga mfuko kama kawaida. Mama Pacha akaufungua, akaanza kutenganisha. Kila aproni ilikuwa imeandikwa jina kwa uzi. Akaifikia moja kubwa kuliko nyingine, mfukoni, chini ya jina, imetariziwa mwiko mdogo kwa nyuzi za kahawia. Ndani ya kola kulikuwa na unga mweupe, ule anaoujua yeye, ambao si unga.

Aliishika aproni ile kwa ncha mbili za vidole. Baadaye, akijaribu kukumbuka, aliona kwamba pale angeweza kunyamaza. Alikuwa na nafasi ya kunyamaza, ndefu kabisa.

"Bosi," alisema, "hii nitaomba muwe mnaileta kwenye mfuko wake."

"Kwa nini?"

"Siwezi kuichanganya na za wengine. Nami nina wateja wangu."

Msimamizi akasogea. "Ina nini?"

"Mimi si daktari."

"Mama, sema. Hiyo ni aproni ya mpishi wangu mkuu."

"Mimi simsemi mtu. Lakini nyie mnakula kwenye mikono yake, ngozi yake hamuioni?" Akaitia aproni kwenye ndoo ya peke yake, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, msimamizi akiangalia.

Hakuongeza neno. Hakukuwa na haja. Kijana yule aliondoka bila kuaga, na Mama Pacha akafua siku nzima huku akiimba.

Habari ilirudi haraka. Bi Mwiko alikuwa ameitwa ofisini, akaambiwa apumzike nyumbani mpaka itakapojulikana. Alipouliza itakapojulikana nini, hakujibiwa. Alipokwenda kuchukua viatu vyake jikoni, alikuta vimeshatolewa nje, vimewekwa juu ya gazeti.

Kinyozi alilisimulia hilo mezani. "Juu ya gazeti, Mama Pacha. Kama kitu kilichookotwa."

"Pole yake," alisema Mama Pacha. Moyoni alikuwa akihesabu kwamba mtu asiye na kazi kiwandani hana sababu ya kutembea kutoka kiwandani. Alitazamia kwamba furaha ingekuja sasa, kama pumzi baada ya kutua mzigo. Ikaja kidogo, ikaondoka.

Wala hakuwa amefikiria mbele zaidi ya hapo. Angefikiria, angeona jambo ambalo hata mtoto angeliona. Ngozi ya Bi Mwiko na ngozi ya mumewe zilikuwa ngozi moja, na nusu ya wafanyakazi wa kile kiwanda walinyolewa na mumewe.

Mambo yalianza kwa adabu. Fundi mitambo mmoja alikuja na kitambaa chake cha shingoni. Mwingine akaja na mashine yake mwenyewe na kuomba iangaliwe isizamishwe kwenye dawa ya saluni. Mlinzi wa zamu ya mchana, aliyekuwa amenyolewa pale tangu hajaota ndevu, akauliza kwa sauti ya chini kama Kinyozi anaweza kuvaa glavu. Kinyozi akavaa. Vidole vyake vilivyovimba havikuingia vizuri, ncha za glavu zikabaki zikining'inia, na akawa ananyoa kama mtu anayefanya kazi na mikono ya kuazima.

Halafu likatokea la dereva wa lori.

Mama Pacha alikuwa akianika alipomwona mtu mnene anapita barabarani kwa haraka, taulo la saluni bado shingoni. Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa unang'aa. Upande wa kushoto ulikuwa na nywele zote. Watoto walikuwa wakimfuata kwa mbali wakipiga makofi. Mama Pacha naye akacheka, mkono mdomoni, kisha akalitambua taulo. Alikuwa amelifua yeye.

"Shemeji!" alimwita. "Kulikoni? Umeme umekatika?"

Dereva akasimama upande wa pili wa barabara, hakuvuka. "Mama Pacha, mimi sina ugomvi na mumeo. Lakini nimekaa pale kwenye kiti, anaingia mtu ananiuliza mbele yake kama sijui kwamba ana ugonjwa wa yule mpishi aliyefukuzwa. Mimi nina watoto wadogo nyumbani."

"Hauambukizi! Daktari alisema!"

"Sasa kama hauambukizi, yule mama kafukuzwa kwa nini?"

Dereva akalivua taulo, akalitundika kwenye ncha ya ukuta wa jirani kwa uangalifu, akaenda zake na kichwa chake cha nusu.

Kinyozi alirudi jua likiwa bado juu. Alikaa kitandani bila kuvua viatu. Siku mbili zile mwili ulikuwa umemlipukia upya. Magamba yalikuwa yamepanda mpaka kwenye paji la uso, pasipofichika, na kidole gumba cha mkono wa kulia, kidole cha kazi, kilikuwa kimesimama kama kigingi. Mkewe alimletea chai. Alijaribu kushika kikombe kwa mkono mmoja, akashindwa, akashika kwa miwili, akakirudisha kwenye sahani kabla hakijamwagika.

"Kuna mtu amemsema Bi Mwiko," alisema. "Mtu amekwenda makusudi kumsema. Mimi hayaniumi ya saluni kama linavyoniuma hilo. Yule mama hakuwahi kumkosea mtu."

Mama Pacha alisimama karibu na mlango.

"Unajua alikuwa akiniambia nini kila siku?" Kinyozi aliendelea. "Mlete mkeo. Mlete mkeo nimfundishe, mimi si wa kukukanda, mwenye kukukanda ni yeye. Kila siku wimbo huo. Ile siku uliyotukuta, nilikuwa nacheka kwa sababu alisema nisipokuleta atakuja mwenyewe kukuposa uwe mke wake."

"Na wewe kwa nini hukunipeleka?"

Kinyozi alitazama kidole chake. "Wewe ulinioa... haya, mimi nilikuoa nikiwa na mikono ya kuringia. Wateja walipanga foleni kwa ajili ya mikono hii. Ukinitazama sasa unafanya uso fulani. Kama uso wa msibani. Bi Mwiko hanitazami hivyo, ananiambia tu, kunja, kunjua, acha uvivu. Nilitaka mahali pamoja duniani nisihurumiwe."

"Mimi sikuwa nakuhurumia," alisema Mama Pacha. "Nilikuwa naogopa."

Nje mmoja wa pacha alikuwa akimsomea mwenzake maswali ya mtihani, na mwenzake akikosea kila jibu.

"Ni mimi," alisema Mama Pacha.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyemsema. Kwa msimamizi. Nilisema aproni yake siichanganyi."

Alitegemea kelele. Alikuwa tayari hata kwa kupigwa, ingawa hakuwahi kupigwa. Kinyozi alimtazama kwa muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

"Ungenikasirikia mimi," alisema mwishowe. "Ungenitukana, ungenimwagia maji ya lile beseni. Yeye alikufanya nini?"

"Alikufanya ucheke."

Kinyozi akainuka kwa shida, akiegemea ukuta. Akachukua shuka kwenye kabati. "Nitalala na watoto," alisema. "Na hilo uliloniambia, si mimi wa kuambiwa."

Kantini ilikuwa imejaa Mama Pacha aliposhika njia ya kati ya meza, asubuhi ya pili yake, saa ya chai. Hakuwa amepanga kwenda mbele za watu. Alikuwa amemwomba msimamizi wazungumze ofisini, lakini msimamizi, akiwa na trei mbili mikononi na hana mpishi, alimjibu, "Kama ni habari ya malipo njoo mwisho wa mwezi, mama, unaona nilivyo." Basi akasema pale pale.

"Si malipo. Yule mpishi wako hana ugonjwa wa kuambukiza. Nilikudanganya."

Meza zilizo karibu zikanyamaza.

"Ulidanganya?" Msimamizi akaweka trei chini. "Si wewe uliyenawa mpaka kwenye viwiko mbele yangu?"

"Ni mimi. Mume wangu ana ugonjwa huo huo, nalala naye kitanda kimoja miaka yote, watoto wangu wanalala naye, nafua nguo zake kwa mikono hii. Itazame." Akaikunjua mikono yake chini ya taa, laini, imara, haina hata upele. "Nilikuwa najua. Nilisema kwa wivu."

"Wivu wa nini?"

Mtu mmoja wa nyuma akacheka kwa sauti. "Wivu na Bi Mwiko?" akasema, na meza nzima ikalipuka. Mama Pacha alisimama katikati ya kicheko kile kama mtu aliyeshikwa na mvua mahali pasipo na kibaraza. Hakukimbia. Kilipopungua akasema, "Ndiyo. Na Bi Mwiko," safari hii kwa sauti ya kutosha mpaka mlangoni.

Nesi wa zahanati ya kiwanda, aliyekuwa akinywa chai pembeni, ndiye aliyemaliza mambo. Alisimama na kueleza kwa maneno machache kwamba kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayogeuka na kuishambulia ngozi na viungo, hakuna mdudu wa kumrukia mtu, na kama wangemuuliza mapema angewaambia. Alilisema hilo la mwisho akimtazama msimamizi. Kijana yule akaona lawama ile aliyoihofia maisha yake yote imefika, tena kwa mlango asioutegemea.

Akaitafutia mtu wa kuibeba. "Mama," alisema, "nguo za kantini usizisubiri tena. Sitaki dobi wa maneno."

"Sawa," alisema Mama Pacha. Karo ya pacha ikaondoka kwa neno hilo moja, na wala hakuweza kusema ameonewa.

Bi Mwiko alikaa chumba kimoja nyuma ya ghala la mbao. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi juu ya kigoda, miguu imenyooka kwenye jua la asubuhi, akiinua kisigino kimoja na kukishusha, kisha kingine.

"Karibu, Mama Pacha," alisema kabla hajasalimiwa. "Nesi kashapita. Kaniambia yote."

"Dada, nimekuja..."

"Najua ulichojia. Nimeambiwa nirudi kazini kesho. Lakini viatu vyangu viliwekwa juu ya gazeti, na hilo hakuna wa kulirudisha. Kwa hiyo usiniharakishe nikusamehe. Sijisikii bado."

Mama Pacha akaitika kwa kichwa. Hakukaribishwa kukaa, akabaki amesimama kizingitini. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko, sufuria zilizopangwa kwa ukubwa, na chupa ya mafuta ya nazi, na kando yake mti mrefu wenye kitambaa kwenye ncha.

"Huo mti wa nini?" aliuliza.

"Wa mgongo. Mikono yangu haifiki. Nachovya kitambaa, najipaka hivi, kama mtu anayepaka ukuta chokaa. Panapokosa, panakosa." Bi Mwiko akashusha kisigino. "Na wewe ulidhani wewe ndiye mwenye wivu. Mumeo akikaa pale saluni ananisimulia: jana mke wangu kanichemshia hiki, leo kanitwangia kile, kaniunguza mgongo mzima! Analalamika. Mimi nacheka, lakini nikirudi hapa nasema, ewe Mungu, mtu ana mgongo, na ana mtu wa kuuunguza."

Mama Pacha hakujua aweke wapi macho yake. Aliyaweka kwenye chupa.

"Nikupake?" alisema.

"Na limau?"

"Bila limau."

Bi Mwiko akageuza kigoda, akajivuta mpaka kwenye kivuli, akafungua vifungo kimoja kimoja kwa vile vidole vyake vigumu, na Mama Pacha akasubiri bila kumsaidia, maana alihisi kwamba hilo halikuwa lake kulisaidia. Gauni lilipoteremka, aliona mgongo ulivyo. Pembeni, pale mti ulipofika, ngozi ilikuwa imetulia. Katikati, kati ya mabega, ilikuwa nyekundu, imepasuka, imekauka kama udongo wa kiangazi. Hakuwahi kuruhusiwa kuiona namna hiyo kwa mtu yeyote. Akauchunga uso wake usiwe uso wa msibani, ingawa hakuna aliyekuwa akimwona.

Akamimina mafuta kiganjani, akayapasha joto kati ya mikono, akaanza.

"Chini kidogo," alisema Bi Mwiko. "Kushoto. Hapo hapo. Taratibu basi, wewe! Unafua au unapaka?"

"Samahani."

"Usiombe samahani, legeza mkono."

Akalegeza. Mafuta yakaingia kwenye nyufa, na mgongo ule uliokuwa umekakamaa ukaanza kushuka, kidogo kidogo. Bi Mwiko akafumba macho.

"Baba Pacha," aliuliza Mama Pacha baada ya muda, kwa sauti ndogo, "humuuma wapi zaidi?"

"Muulize mwenyewe."

"Haniambii."

"Leo atakuambia. Ukifika usimuulize umesimama mlangoni. Kaa chini karibu naye, na uwe na mafuta mkononi." Akasogeza bega. "Sasa rudia pale juu. Uliparuka."

Mama Pacha akamimina mafuta mengine, akarudia.